Mlima Hauhongwi

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Laiti wangaliishi wakaiona barabara itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, huenda wangaliongeza kwamba njia hiyo, licha ya ufupi wake, ina mlima. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Gari likiondoka hapo hupita Salgaa, likaukwea mwinuko wa Sachangwan, likafika Mau Summit, na hatimaye likaikaribia Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700. Abiria wa matatu aweza kusinzia tangu mwanzo hadi mwisho. Dereva wa lori lililosheheni saruji hasinzii. Kila kona humuuliza swali lile lile: je, ndani ya tangi lako mna nini?

Swali hilo lilimfika dereva mmoja wa mtaa wa Kaptembwa mwezi wa Julai mwaka 2018. Lori halikuwa lake; lilikuwa la tajiri ambaye kila safari alimkabidhi fedha taslimu za kununulia dizeli. Kwa wiki kadhaa kijana huyo alikuwa amegundua mahali kando ya barabara ambapo dizeli iliuzwa katika mitungi ya plastiki kwa bei ya chini kuliko ile ya vituo vya mafuta. Hakuuliza imetoka wapi. Muuzaji naye hakusema. Tofauti ya bei iliingia mfukoni mwa dereva, na kutoka mfukoni humo sehemu kubwa ilimfikia mama yake mzazi, aliyepikia jiko la mafuta ya taa katika chumba kimoja walichokuwa wamepanga. Kijana hakujiona mwizi. Alijiona mwana anayemtunza mama kwa akili zake.

Siku hiyo lori lilipoanza kuukwea mwinuko wa Sachangwan, nguvu ziliyeyuka. Dereva alishusha gia, akashusha tena, akabaki na ile ya mwisho. Injini ilivuta pumzi kama mgonjwa wa pumu, kisha ikanyamaza. Utingo aliruka na kabari ya mti akaisukumiza nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi kinyumenyume. Walipojaribu kuiwasha tena ikiwa bado ina joto, ilikataa katakata. Wakakaa kando ya barabara huku malori mengine yakiwapita na kuwapigia honi. Hapakuwa mahali pa kukaa kwa raha. Eneo hilo ndilo lililoshuhudia mkasa wa tarehe 31 Januari 2009, pale lori la kubebea petroli lilipopinduka, wananchi wakakusanyika kuyachota mafuta yaliyomwagika, moto ukazuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Utingo alipotoa sigara, dereva aliipokonya na kuikanyaga bila kusema neno.

Lori lilikokotwa hadi Nakuru, kwa fundi mmoja wa jua kali aliyekwisha kupita umri wa miaka 65. Mzee huyo hakuanza na spana. Alichovya kidole katika chujio la dizeli, akakisugua kwa kidole gumba, kisha akakinusa.

"Pampu hii imekufa kwa kiu," akasema.

"Itakufaje kwa kiu, Mzee, na tangi limejaa?"

"Limejaa, kijana wangu. Limejaa nini?"

Akaifungua pampu na kumwonyesha. Vyuma vilivyopaswa kung'aa kama kioo vilikuwa na mikwaruzo mirefu. Dizeli, mzee alieleza, ina kazi mbili ndani ya lori. Kazi ya kwanza ni kuungua. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kuvilainisha vyuma vya pampu na vya sindano zinazoinyunyiza ndani ya silinda. Mafuta ya taa huungua vizuri, lakini ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha. Yakichanganywa na dizeli, siku ya kwanza lori hutembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Upungufu wa nguvu ni mdogo, kwa sababu lita ya mafuta ya taa ina nishati pungufu kidogo tu kuliko lita ya dizeli. Madhara hasa huja polepole: vyuma husuguana, mianya hupanuka, na shinikizo la kuisukuma dizeli hupungua. Pampu iliyolika hujikakamua ikiwa baridi, lakini ikipata joto dizeli huwa nyepesi zaidi na kuvujia ndani kwa ndani. Ndiyo maana injini ilikuwa imekataa kuwaka pale mlimani.

"Ungalikuwa unaendesha kwenye tambarare ungalikwenda nayo miezi mingine miwili," mzee akasema. "Lakini wewe wapanda mlima. Polisi wa barabarani huhongwa. Mlima hauhongwi."

Ikumbukwe kwamba mlima wenyewe una tabia mbili. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi. Nakuru shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na Timboroa hupungua zaidi. Injini isiyo na kifaa cha kuishindilia hewa hupata oksijeni kidogo na hivyo nguvu kidogo. Kwa lori la dizeli hilo ni pigo. Kwa gari dogo la petroli, ajabu ni kwamba hewa hiyo hiyo humsitiri tapeli. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huifanya injini igonge inapobanwa sana, lakini panapokuwa na hewa nyepesi mbano hupungua na mgongano usisikike. Mwenye gari huteremka hadi pwani ndipo akasikia kelele kama za misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Uongo ulionunuliwa katika Bonde la Ufa hufichuliwa Mombasa.

Kuhusu huku kugonga, mzee alikuwa na mengi ya kusimulia. Baba yake alikuwa dereva wa kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alirejea nyumbani na mapenzi ya vitabu vya injini, ambavyo mwanawe alivirithi vikiwa vimekwisha kuchakaa. Nakuru yenyewe haikuwa mbali na vita hivyo. Mwaka 1941 jeshi la anga la Uingereza lilileta hapo kikosi chake cha mafunzo Namba 70, na marubani wakafunzwa kuziendesha ndege za Blenheim kabla ya kupelekwa vitani. Hata hivyo, kisa alichokipenda mzee kilikuwa cha upande wa pili, cha Wajerumani.

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kuuwasha. Kadiri unavyobanwa ndivyo nguvu zinavyoongezeka. Lakini petroli ikiwa dhaifu, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu. Pistoni hupigwa kama kwa nyundo, na hatimaye hutoboka. Kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mbano huo huitwa okteni. Mwaka 1940, vita vya angani vilipopamba moto juu ya Uingereza, ndege nyingi za kivita za Messerschmitt Bf 109 zilitumia petroli iliyoitwa B4, ya okteni 87. Wapinzani wao walikwisha kupata petroli ya okteni 100. Rubani wa Kiingereza aliweza, kwa dakika chache za hatari, kuishindilia injini yake hewa nyingi zaidi bila kuivunja.

Wajerumani waliujibu upungufu huo kwa uhandisi. Injini yao ya Daimler-Benz DB 601 ilikuwa na ujazo wa takriban lita 34, ilhali Merlin ya Rolls-Royce ilikuwa na lita 27. Kile ambacho petroli ilishindwa kukitoa kilitafutwa katika ukubwa wa mashine. Pia waliunda petroli bora zaidi, C3, na baadhi ya aina za injini kama BMW 801 zikaihitaji hiyo na si nyingine. Ili mtu asikosee, B4 ilitiwa rangi ya buluu na C3 rangi ya kijani, na karibu na mdomo wa tangi la ndege palichorwa pembetatu ya manjano iliyoandikwa 87 au C3. Rubani aliyepanda ndege yake alijua kinachoingia ndani yake.

Aidha walibuni dawa waliyoiita MW 50, yaani maji na methanoli karibu nusu kwa nusu, pamoja na kiasi kidogo cha mafuta ya kuzuia kutu. Ilinyunyiziwa ndani ya injini kwa muda wa dakika 10 hivi kwa mkupuo ili kuipoza na kuiwezesha kubanwa zaidi, hata kwa petroli dhaifu. Maji, adui mkubwa wa tangi, yaligeuka rafiki. Dereva alipousikia mkasa huo alicheka.

"Kumbe hata wao walitia maji!"

"Walitia, na waliandika kuwa wametia," mzee akamjibu. "Waliipima, wakampa rubani saa, wakamwambia mwisho wake. Wewe nani aliyekuandikia?"

Afrika Mashariki nayo ilikwisha kuyaona mambo kama hayo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walizingirwa baharini na Waingereza na kukosa petroli. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyotengeneza kiowevu cha kuendeshea magari kilichoitwa trebol kutokana na nazi. Dhiki ilizaa mchanganyiko, na mchanganyiko ukapewa jina lake. Haukuitwa petroli.

Werevu huo wote ulikuwa na kikomo. Ujerumani haikuwa na visima vya kutosha, hivyo sehemu kubwa ya petroli ya ndege ilitengenezwa kutokana na makaa ya mawe katika viwanda kama cha Leuna. Mwezi wa Mei 1944 ndege za Marekani zilianza kuvishambulia viwanda hivyo. Mwezi wa Aprili vilikuwa vimetoa tani 175,000 za petroli ya ndege. Mwezi wa Julai vilitoa tani 30,000, na Septemba tani 5,000. Ndege mpya ziliendelea kutoka viwandani, lakini marubani wanafunzi walikosa petroli ya kujifunzia. Mzee alipenda kumalizia hapo: injini ni mateka wa kile inachokinywa, na aliyeiunda, hata awe bingwa wa namna gani, hana la kufanya.

Mafuta yanayofika Nakuru hayafiki yakiwa machafu. Tangu mwaka 1994 bomba limeyasafirisha kutoka Nairobi hadi bohari ya Nakuru na kuendelea Eldoret na Kisumu. Bomba hilo hupitisha petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa zamu. Aina mbili zinapokutana huchanganyika kidogo, na sehemu hiyo ya mpakani hutengwa kwa makusudi isiwafikie wanunuzi. Mchanganyiko usioepukika, basi, hushughulikiwa na wataalamu. Ule wa makusudi hufanywa nje ya lango, usiku, na watu wenye mitungi na mipira ya kunyonyea.

Sababu yake si fumbo. Mafuta ya taa yalikuwa nishati ya maskini, ya taa na ya jiko, na kwa hiyo serikali iliyatoza kodi ndogo. Dizeli na petroli zilitozwa zaidi. Palipo na pengo baina ya bei mbili za vitu vinavyofanana kwa macho, mtu hutokea akasimama katikati. Huruma iliyokusudiwa mama wa Kaptembwa ikawa faida ya mwenye mitungi.

Hapa ndipo wapenzi wa lugha wanapopaswa kutega sikio. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutosha ya udanganyifu: kughushi, kulaghai, kutapeli, kutia maji. Hata hivyo, mwaka 2010 neno jingine lilivuma nchini Tanzania kuliko yote hayo, nalo ni kuchakachua. Lilitumiwa kwa dizeli na petroli zilizotiwa mafuta ya taa, na mwaka huo huo mamlaka ya nishati ya nchi hiyo ikaanza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Haukupita muda uchaguzi mkuu ukafanyika, na neno likatoka katika kituo cha mafuta likaingia katika kituo cha kupigia kura. Matokeo yakasemwa yamechakachuliwa. Kisha mitihani, dawa, vyeti na hata mapenzi. Leo mzungumzaji wa Nakuru hulitumia bila kukumbuka kwamba lina harufu ya tangi.

Kwa nini lugha ilihitaji neno hili? Kwa sababu kuchanganya hakuna hatia. Mwashi huchanganya saruji na mchanga. Mpishi huchanganya viungo. Wajerumani walichanganya maji na methanoli. Kuchakachua ni kuchanganya na kunyamaza. Kosa lake limo katika kile kimya kilichokuwa baina ya dereva na muuzaji kando ya barabara, mmoja asiulize na mwingine asiseme. Lugha iliona tofauti hiyo mapema, na watu wa kawaida ndio walioipa jina kabla ya mwanaisimu yeyote.

Tajiri hakumfukuza kijana. Alimkata mshahara mwezi baada ya mwezi hadi gharama ya pampu iishe. Kijana alivumilia, akanunua dizeli kituoni na kupeleka risiti. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 2018, Sheria ya Fedha iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji. Pengo la bei lilizibwa, na faida ya kuchanganya ikanywea. Tanzania ilikwisha kupitia njia hiyo mwaka 2011 ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa. Kwa upande wa injini, dawa ilifanya kazi. Kwa upande wa jiko, ilikuwa shubiri. Mauzo ya mafuta ya taa nchini Kenya yalishuka sana, na si wote walioacha kuyanunua waliokuwa wachakachuaji.

Mama wa kijana alikuwa mmoja wao. Makaa nayo yalikwisha kupanda bei, kwa kuwa tangu Februari mwaka huo serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, msitu wa Mau ukiwa miongoni mwake. Mtungi wa gesi ulihitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Hivyo mama akaendelea na jiko lake, ila badala ya lita akawa ananunua chupa ndogo, na badala ya kupika mara mbili akawa anapika mara moja na kupasha moto kiporo.

Jioni moja kijana alimkuta akitikisa jiko kusikiliza kama lina kitu. Akakaa juu ya ndoo, akamweleza yote: mitungi, bei, fedha alizokuwa akimletea. Alitarajia matusi. Mama alilitazama jiko kwa muda mrefu.

"Kumbe, mwanangu," akasema, "ulikuwa ukinichotea kutoka katika jiko langu mwenyewe, kisha unaniletea nikushukuru."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini mafuta yamekwisha."

Maneno hayo mawili, msamaha na upungufu, ndiyo yaliyobaki chumbani. Je, lawama ni ya nani? Mtunga sheria atasema hakuwa na njia nyingine ya kuzilinda injini za nchi nzima. Mwenye mitungi atasema naye ana watoto. Dereva atasema alikuwa akimtafutia mama. Kila mmoja ana neno lake, nalo lina chembe ya ukweli, kama vile dizeli iliyochakachuliwa inavyobaki na dizeli ndani yake. Mama peke yake hakuchanganya chochote, na ndiye aliyelipa shilingi 18.

Wiki iliyofuata lori liliukwea tena mwinuko wa Sachangwan likiwa na saruji kama kawaida. Pampu ilikuwa mpya na dizeli ilikuwa ya kituoni. Halikuruka kama ndege. Lilipanda kwa gia ya pili, polepole, likiunguruma kwa sauti moja isiyokatika. Utingo alikuwa na kabari mapajani kwa mazoea, akaitupa chini ya kiti walipofika Mau Summit. Dereva hakusema kitu. Alikuwa akisikiliza injini, ambayo katika jambo hili zima ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusema kweli.